Unga wangu uliozama Mererani

Daftari langu la mgodi lina kurasa nne tu, na zote niliziandika baada ya pesa kwisha. Daftari la duka ninalo tangu 2011, na nimeshabadilisha madaftari makubwa sita. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kunishtua, lakini sikuiona. Naandika habari hii kwa sababu kila nikikaa na wafanyabiashara wenzangu hapa Arusha namsikia mwingine anaingiza pesa kwenye migodi ya tanzanite ya Mererani, palepale nilipoingia mimi, na maneno yake ni yaleyale niliyokuwa nikiyasema.

Ninauza nafaka soko la Kilombero. Maharage, mchele, dona na sembe, sukari, mafuta. Maharage nikiyatia kiganjani najua kama ni ya msimu huu au yamelala stoo. Gunia likianza kuingiwa na wadudu silionei huruma. Nalishusha bei siku hiyohiyo litoke, hata kama nimelinunua ghali, kwa sababu nikilibakiza litaharibu na mengine. Naomba ulikumbuke hilo gunia, nitalirudia.

Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja likiwa na zaidi ya kilo 9, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Rais Magufuli akampigia simu pale pale, nchi nzima ikisikiliza. Agosti akaleta jiwe la tatu, la kilo 6 na ushei, likanunuliwa kwa bilioni 4.7. Sokoni tulijazana mbele ya televisheni ya muuza juisi, wateja na wenye meza pamoja, na kuna mama aliyelia kabisa kwa furaha ya mtu asiyemjua.

Mwezi mmoja baadaye shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja dukani. Amekuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa kushuka shimoni, kwa miaka mingi, amezama mashimo ya watu tangu ujana, na wakati huo alikuwa anasimamia duara (shimo la mgodi) moja kwa niaba ya mwenye leseni.

“Shem, nina vijana kumi na wanne wanalala njaa. Nipe chakula cha wiki, Jumamosi nakulipa.”

Nilimpa. Kilo 70 za unga, maharage kilo 20, mchele kidogo, sukari, lita tano za mafuta; kama 165,000 hivi. Jumamosi akalipa kweli. Wiki ya pili akalipa, ya tatu akalipa. Kuanzia ya nne ikawa “tutahesabu mwisho wa mwezi.” Tulipofika Krismasi deni lilikuwa 1,485,000.

Niseme mapema jambo moja, maana najua watu husoma habari kama hizi wakimtafuta mwizi. Hapa hakuna mwizi. Shemeji hakunidanganya hata siku moja. Aliamini kila alichoniambia, na yeye amepoteza kuliko mimi, kwa sababu amepoteza miaka.

Kwa asiyejua utaratibu: mwanaapolo wa duara dogo mara nyingi hana mshahara. Anakula posho, anachimba, na mawe yakitoka, au kama wanavyosema wenyewe, mgodi ukitema, anapata mgao. Mwenye leseni ana fungu lake. Anayelisha na kununua dizeli na baruti ndiye sponsa, naye ana asilimia yake. Mgodi usipotema, sponsa amelisha watu, basi.

Januari 2021 shemeji alikuja na pendekezo. Alisema kuna mtu wa mjini aliyekuwa tayari kutoa milioni 12 kwa asilimia kumi, ila yeye alitaka fungu lile libaki kwenye familia. “Wewe nipe milioni nne. Deni lako tunalihesabu humohumo, unaongeza mbili na nusu tu.”

Nilihisi nimepewa zawadi. Usiku ule nilimweleza mume wangu kwamba tumeokoa milioni nane. Tumeokoa! Hakuna kati yetu aliyeuliza ile 12 ilitoka wapi, wala asilimia kumi ya shimo ambalo halijatoa kitu ina thamani gani. Namba ya kwanza iliingia kichwani ikakaa kama nanga, na kila namba iliyofuata tukaipimia pale. Sokoni mimi mwenyewe hutumia mbinu hiyohiyo kila siku. Mteja akiuliza bei ya maharage namtajia 2,400 ili akishuka hadi 2,100 aondoke na furaha. Niliijua mbinu kwa mikono yangu, na bado ilinishika.

Baadaye binti wa dada yangu, anayesoma chuo, alinieleza kwamba jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1974 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika katika jarida la Science kuhusu gurudumu la namba 0 hadi 100 ambalo walikuwa wamelitega lisimamie 10 au 65 tu. Lilizungushwa mbele ya watu, halafu wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliopata 10 walikadiria, kwa jibu la katikati, 25. Waliopata 65 wakasema 45. Gurudumu halina habari yoyote na Afrika, na walioulizwa waliliona likizungushwa. Niliposikia nilikumbuka ile milioni 12. Mtu wa mjini huyo sikuwahi kumwona, sikujua hata jina lake.

Tangu siku hiyo nina kawaida moja. Kabla sijasikia bei ya mtu, naandika ya kwangu kwenye karatasi na kuikunja. Nikiisahau karatasi, naahirisha mazungumzo.

Turudi kwenye shimo. Miezi mitatu, ndivyo tulivyoambiana. Mwezi wa tatu kompresa iliharibika. Mwezi wa nne mvua, ikabidi kukodi pampu. Mwezi wa sita vijana wanne waliondoka kwenda duara lingine lililokuwa limetema. Kila kikwazo kilikuwa na sababu yake ya kueleweka, na kila mara tulihesabu upya tangu siku ile: miezi mitatu mingine. Sikuwahi kuuliza swali ambalo kwa unga wangu naliuliza kila mara: wengine imewachukua muda gani? Lori la mahindi likitoka Kibaigwa siulizi dereva ana matumaini gani. Nauliza safari iliyopita lilifika siku gani.

Shemeji alikuwa akinitumia video. Mwanga wa tochi, ukuta mweusi unaong'aa, sauti yake inahema. “Kinywe hiki, shem. Tumekaribia.” Kinywe, yale madini meusi kama ya kwenye penseli, ni kweli huambatana na tanzanite, miamba ya Mererani imejaa kinywe, na waliotema wote watakuambia walikiona kabla. Mimi nilianza kukusanya ushahidi. Nikikutana na dalali wa mawe mjini namuuliza, je, mliotema mliona kinywe? Tuliona. Namuuliza mwingine. Tuliona. Moyo unatulia, naenda kupima unga.

Sikumuuliza hata mtu mmoja aliyefunga shimo lake kama na yeye alikiona. Angeniambia alikiona pia.

Hapo ndipo naona kosa langu kubwa lilipokuwa, kuliko hata pesa. Aprili 2022 yule binti alipokuja likizo fupi alikaa nami dukani, akanichezesha mchezo ambao mwanasaikolojia Peter Wason alichapisha habari zake mwaka 1960 huko Uingereza. Akaniambia, “Mama mdogo, nina kanuni kichwani. Namba 2, 4, 6 zinaifuata. Nipe namba tatu tatu, nitakuambia kama zinafuata, mpaka uijue kanuni.” Nikasema 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. 100, 102, 104. Ndiyo. Nikamwambia kwa uhakika kabisa: unaongeza mbili. Akasema hapana. Kanuni ilikuwa namba yoyote inayopanda. Hata 1, 7, 50 ingefaa. Sikuwa nimejaribu hata mara moja namba ambazo kwa hesabu yangu zilipaswa kukataliwa. Nilikuwa naomba “ndiyo,” nikipewa “ndiyo,” nikidhani najifunza.

Nilimwambia aniachie dakika chache. Nilikwenda nyuma ya magunia nikakaa.

Kufikia wakati huo nilikuwa nimeshatumia ada ya kijana wangu wa kidato cha pili, 600,000, kununulia dizeli, na mume wangu hakujua. Nilikuwa nimekopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, milioni mbili nikisema ni za kuongeza mtaji wa mchele. Kijana alirudishwa nyumbani siku tisa. Alikaa mezani kwangu akipanga vipimo, hakuniuliza kitu, na ukimya wake hadi leo unaniuma. Mume wangu alipogundua hakupiga kelele. Alisema tu, “Ungeniambia.” Mtu anapoanza kuficha matumizi ya jambo analosema analiamini, hiyo ni dalili nzito kuliko kinywe. Moyo umeshajua, ila mdomo haujakiri.

Mbona sikuacha mapema? Jibu ni rahisi, na nililirudia kila wiki: nimeshaweka nyingi mno. Zilipokuwa milioni nne nilisema siwezi kuacha milioni nne ardhini. Zilipokuwa nane nikasema hivyohivyo kwa nguvu maradufu. Shemeji naye alikuwa na methali yake, “Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga,” na mama mkwe akiongeza ya mvumilivu kula mbivu. Methali zetu nazipenda, nimelelewa nazo. Lakini wazee walituachia pia “Mali bila daftari hupotea bila habari,” na hiyo hakuna aliyeitaja mezani. Mtu huchagua methali baada ya kuamua.

Sasa lile gunia. Gunia la maharage lenye wadudu silipimi kwa bei niliyolinunulia. Hiyo pesa imekwenda, hairudi kwa mimi kulikumbatia. Nalipima kwa kitu kimoja: kuanzia leo litanipa nini, litanigharimu nini. Katika mgodi nilifanya kinyume, nikiwa mtu yuleyule mwenye akili ileile. Wala si ujinga wa mtu wa sokoni. Mwaka 1985 watafiti wawili Wamarekani, Arkes na Blumer, walionyesha kwamba watu waliolipa bei kamili ya tiketi za msimu wa maigizo walihudhuria zaidi, katika nusu ya kwanza ya msimu, kuliko waliopewa punguzo, ingawa maigizo yalikuwa ni yaleyale na pesa ilikuwa imeshalipwa kwa wote. Pesa iliyokwisha kutoka inaendelea kutuvuta mkono.

Kwa nini dukani naona na mgodini sikuona? Nimelifikiria hili muda mrefu kuliko yote. Nadhani ni kwa sababu duka linanijibu haraka. Nikikosea bei asubuhi, jioni kopo la pesa linaniambia. Nimekosea mara elfu kwa kiasi kidogo, na kila kosa limenifundisha. Mgodi ulinijibu mara moja tu katika mwaka mmoja na nusu: Agosti 2021 yalitoka mawe madogo, nikapata 280,000. Jibu hilo moja lilinishika kuliko kimya cha wiki zote nyingine. Kahneman na Gary Klein, ambao kwa miaka walikuwa hawakubaliani kuhusu hisia za mtaalamu, waliandika pamoja mwaka 2009 kwamba hisia hizo ni za kuaminika pale tu ambapo mambo yana utaratibu unaoweza kujifunzwa, na mtu amepata nafasi ya kujifunza kwa kupewa majibu ya makosa yake. Maharage yana utaratibu. Mwamba hausikilizi umeulisha kwa muda gani, na mimi nilikuwa nimeanza kusema “tumechimba mno bila kupata, sasa lazima.”

Binti alirudi kwenye mada kabla ya kuondoka. “Mama mdogo, maduara mangapi mnayafahamu yaliyoanza pamoja na lenu?” Tukampigia shemeji, tukaweka sauti kubwa. Alitaja kwa kumbukumbu, mimi nikiandika: kumi na moja. Mawili yalikuwa yametoa mawe ya kurudisha gharama. Manne yalikuwa yamefungwa. Matano yalikuwa yanachimba kama sisi. Ni hesabu ndogo, haiwezi kuisemea Mererani nzima, lakini ilikuwa hesabu ya kwanza niliyowahi kuwa nayo. Kabla ya hapo nilikuwa na Laizer tu. Yeye alionekana kwenye televisheni. Wale wanne waliofunga hakuna kamera iliyowafuata nyumbani. Na kuna jambo ambalo hata sikulifikiria nilipokuwa napima unga: Machi 2008 maji ya mvua yaliingia migodini Mererani na kuua makumi ya wachimbaji. Nililijua, lilitangazwa, nilikuwa mtu mzima. Halikunijia kichwani hata mara moja, na shemeji yangu alikuwa anazama kila siku.

Juni 2022 nilimwita nyumbani, mume wangu akiwepo. Nilikuwa nimeandika swali moja, kwa kuwa najijua nikianza kuongea naye ninalegea: kama leo ningekuwa na milioni moja mkononi na sijawahi kuusikia mgodi huu, ningeiweka humo? Nililisoma kwa sauti. Kikapita kimya. Shemeji akasema, “Shem, ukitoka sasa utakuwa umelisha watu bure.” Nikamwambia nimeshawalisha, nikitoka au nikibaki. Alikasirika, hakuja kwetu miezi mitatu, na sikukuu ya Eid ile ilikuwa baridi kama Julai ya Ngaramtoni.

Usiku ule ndipo nilipoandika zile kurasa nne. Fungu la kwanza 4,000,000. Chakula baada ya hapo 5,260,000, na hiyo ni kwa sababu shimo lilisimama mara nyingi. Dizeli, baruti, pampu 2,900,000. Jumla 12,160,000. Ndiyo, zaidi ya zile za mtu wa mjini. Nilizorudishiwa: 280,000. Hakukuwa na karatasi ya makubaliano hata moja. Ukiacha kulisha, fungu lako linakwenda kwa anayelisha, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kama utaingia, andikishianeni mbele ya mashahidi, hata mkiwa mmenyonya ziwa moja. Na andika mwanzoni, ukiwa bado huna uchungu, kiasi na tarehe ambapo utaacha. Ukisubiri uamue ukiwa ndani, anayeamua ni ule uchungu.

Kikundi chetu cha VICOBA sasa kina zoezi tulilolitoa kwa huyo Klein, aliyelieleza mwaka 2007. Kabla ya kutoa mkopo mkubwa tunajifanya mwaka umekwisha na biashara imekufa, kisha kila mmoja anaandika peke yake kilichoiua. Tulipotaka kununua mashine ya kusaga, wanawake saba kati ya kumi na wawili waliandika umeme. Kabla ya hapo hakuna aliyelitaja neno umeme, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa ameshaipenda mashine.

Novemba 2022 duara letu lilitema. Mawe yaliuzwa milioni 31. Habari zilifika sokoni kabla ya chai ya saa nne, na mama mkwe alinipigia simu akisema kwa upole, “Mwanangu, ungevumilia kidogo tu.” Sitasema sikuumia. Nilifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata nikiwa na homa. Watu waliokuwa wakiniambia niache walianza kusema walijua lingetema. Jioni nikafungua daftari. Aliyechukua fungu langu, kijana muuza mitumba, alikuwa ametoa kama 2,100,000 kwa miezi ile mitano. Baada ya mwenye leseni, wanaapolo na madeni ya baruti, asilimia kumi yake ilikuwa 1,450,000. Na hata kama angepata milioni mia, Juni sikuwa na njia ya kulijua hilo. Nilikuwa na maduara kumi na moja kwenye karatasi, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule.

Kijana huyo hununua unga wa mgodi kwangu, kwa taslimu. Wiki mbili baada ya mgao alikuja amechangamka, akasema limeanza kutema, sasa halisimami. Nilimpa zile kurasa nne. Alizisoma amesimama, akiegemea gunia la mchele, na wateja wawili wakapita bila kuhudumiwa. Akaniambia la kwake ni tofauti kidogo. Sikubishana naye. Nilimwomba tu aandike kiasi na tarehe. Alifikiri, akaomba kalamu, akaandika nyuma ya risiti: milioni 3, mwisho Juni 2023.

Juni ilipofika alikuja dukani na ile risiti mkononi, imechakaa kwenye mikunjo, akaniomba nimsaidie kujumlisha.